Usipojibu, Nimwambie Nani?

Haya, sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usituachie baridi. Anayekohoa amalizie kukohoa sasa hivi. Wakubwa wapakateni wadogo, na mnyamaze, wajukuu zangu, maana habari hii sehemu kubwa ni kelele za watu wazima, na ndani ya kelele hizo kuna swali moja tu. Likiwapita hilo, mtakuwa mmesikiliza kelele.

Palikuwa na benchi la mbao kwenye kona, limeegemea ukuta wa duka la dawa, mguu wake mmoja umefungwa waya wa shaba. Waya huo aliufunga Antena, fundi wa redio, ambaye duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara: mlango mwembamba, na ndani rafu zimejaa redio za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Kando ya benchi, juu ya kigoda, alikaa mama muuza kahawa, wao walimwita Birika. Upande wa kushoto alikaa Mataifa, dereva mstaafu wa malori, aliyevuka mipaka mingi na kurudi na uongo wa kila nchi. Upande wa kulia alikaa Kadi Nyekundu, aliyekuwa refa ujanani, na hadi uzeeni kipenga hakikumtoka shingoni. Katikati alikaa Antena. Majina yao ya nyumbani waliyaacha nyumbani, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya benchi: habari za nyumbani haziletwi hapa. Anayezileta, Kadi Nyekundu anapuliza kipenga, na mkosaji anainuka, anakunywa kikombe kizima akiwa amesimama. Walisema wanakuja pale kupumzika na nyumba zao. Basi wakapumzika, mwaka baada ya mwaka, bega kwa bega, bila mmoja kujua mwenzake analala wapi.

Hata Antena alipofiwa na mkewe, walisikia baada ya maziko. Walimpa mkono palepale benchini, Birika akammiminia kikombe hadi ukingoni, kisha Mataifa akarudi kwenye hadithi yake ya lori na faru. Antena hakuwalaumu. Sheria ni sheria, na siku ilipotungwa yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuicheka na kuikubali.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mkewe alikuwa na desturi moja. Kila jioni Antena akiingia, kabla hajavua viatu, sauti inatoka jikoni: "Umefunga?" Naye anajibu, "Nimefunga." "Na umeme?" "Na umeme." Basi. Chakula kinaletwa. Miaka yote ya ndoa, ukiyaondoa hayo, maneno mengine hayakuwa mengi. Alipokwisha kuzikwa, jioni zikaingia kimya. Mara moja Antena alisahau kuzima chuma cha kulehemu, kikatoboa meza ya dukani na kubakisha kidogo tu duka lote liungue. Mara nyingine aliteleza bafuni, akalala juu ya saruji yenye maji, mkono umemkaa vibaya. Akaita. Upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ilikuwa ikiimba, redio aliyoitengeneza yeye kwa mikono yake, akaikaza sauti mpaka ikawa kama mpya. Akaita tena. Redio ikamshinda. Aliinuka mwenyewe, kwa kujivutavuta, na kesho yake alikuja benchini na kitambaa kifundoni mwa mkono.

— Umepigana? — aliuliza Mataifa.

— Redio imeniangukia.

Wakacheka, naye akacheka. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na hofu moja iliyolala naye kitanda kimoja: kwamba ipo siku ataita, redio itaimba, na itabaki kuimba.

Sasa, alikuwa na mpwa wa kike aliyekuwa akiandika programu za kompyuta nchi za mbali, huko ambako watu wanaamka wakati sisi tunafunga milango. Alipokuja msibani alimwachia laptopu yake ya zamani, akamwekea humo msaidizi, akili mnemba ya kuandika programu. Akamwambia: "Mjomba, zungumza naye kama unavyozungumza na fundi mwenzako. Anza na kitu kimoja, kidogo. Na usikubali kitu hujakisoma." Kisha akapanda ndege.

Laptopu ilikaa juu ya rafu pamoja na redio mpaka asubuhi moja Antena alipoivusha barabara, akaiweka juu ya magoti.

— Hilo nini tena? — alisema Mataifa. — Sinia?

— Laptopu. Ya mpwa wangu.

Kadi Nyekundu akagusa kipenga.

— Mpwa ni habari za nyumbani.

— Mpwa yuko ng'ambo.

Refa akafikiri.

— Aliye ng'ambo yuko nje ya uwanja. Endelea kucheza.

— Humu ndani kuna msaidizi, — alisema Antena. — Unamwambia unachotaka kwa maneno ya kawaida, yeye anakuandikia programu.

— Programu ndiyo nini? — aliuliza Birika, akifuta kikombe.

— Maagizo. Unaiambia mashine ifanye jambo, nayo inalifanya hata ukiwa haupo.

— Kama ninavyoliacha birika kwenye mkaa nikaenda zangu.

— Hivyo hivyo, ila hili halifuriki.

— Na wewe unataka ikufanyie nini?

Antena akatazama ng'ambo ya barabara.

— Mambo ya dukani tu.

Alikuwa anasema uongo, na Birika aliona, lakini kuuliza zaidi kungekuwa kuingia nyumbani kwa mtu.

Akaifungua. Kioo kikawaka. Kwa kuwa wenzake miwani yao ilikuwa ya kuvaa tu, haikuwa ya kusomea, ikabidi Antena asome kwa sauti:

— "Habari. Ungependa tujenge nini leo?"

— Hee! — Kadi Nyekundu akaruka. — Kazi moja kwa moja? Hajui kusalimia?

— Amesema habari.

— Habari moja! Habari moja anapewa askari wa barabarani. Mjibu kwanza, umuulize za kwao. Mtu hujamjua, unampaje kazi?

Antena, kwa kidole kimoja, akaandika: Nzuri. Habari za huko? Wazima wote? Wakasogea wote watatu kusubiri jibu, kama watu waliobisha hodi.

— Anasema, "Asante kwa kuniuliza. Mimi ni programu, sina nyumba wala jamaa, ila niko tayari kukusaidia. Ungependa tujenge nini?"

Birika akaweka kikombe chini.

— Maskini, — alisema Birika. — Hana mtu.

— Usimwamini, — alisema Mataifa. — Hayo amefundishwa aseme. Mimi nimepita na lori karibu na mahali wanapokaa. Jengo refu, taa hazizimwi. Ndani watu wamepangwa mistari kwa mistari, kila mmoja na mteja wake. Wewe unaandika hapa, yeye anasoma kule, anajibu.

— Upesi hivyo?

— Wamechaguliwa kwa vidole. Mtu wa vidole vinene hapokelewi pale.

— Na huyu wetu?

— Wetu mwanamke. Anavyouliza kwa upole hivi ni mwanamke, tena kiti chake kibovu, anakaa upande.

— Uongo mtupu, — alisema Kadi Nyekundu. — Watu wote hao wangekula nini? Huyu ni mmoja. Mmoja tu, anawajibu watu wote wa dunia kwa wakati mmoja. Ni sawa na refa anayechezesha mechi zote za dunia siku moja. Kwa hiyo lazima apulize kipenga kabla mpira haujaguswa. Anajua utakachosema kabla hujasema.

— Basi kwa nini anauliza?

— Heshima, — alisema refa. — Anakuachia uone kama ni wewe unayeamua.

Kioo kikabadilika. Antena akasoma:

— "Ili nianze, naomba ruhusa ya kusoma faili zilizo kwenye folda hii."

— Usimpe! — alisema Mataifa. — Mtu anayeomba ruhusa ndiye wa kuogopa. Mwizi wa kawaida haombi. Huyu ukimruhusu leo asome, kesho anaomba ahamie.

— Mimi namwona kijana wa kulelewa, — alisema Birika. — Mbona wewe kikombe changu unachukua bila kuomba?

— Hicho ni kikombe, hii ni roho ya mtu.

— Folda yenyewe haina kitu, — alisema Antena.

— Ndiyo hatari kubwa! Akikuta patupu ataweka nini?

Antena akabonyeza kuruhusu. Mataifa akafumba macho, akasubiri kishindo. Hakuna kilichotokea, isipokuwa mtu ng'ambo ya barabara aliita, "Fundi! Feni yangu vipi?" Antena akaiweka laptopu juu ya benchi, akavuka kwenda kumhudumia mteja wake. Feni ilikuwa na bawa lililopinda. Akalinyoosha, akaifunga, akamwonyesha inavyozunguka. Alipogeuka, aliwaona wenzake watatu wameinamia laptopu, wanatafuta herufi moja moja, wanasukumana viwiko.

Aliporudi walikuwa wameketi wima, kila mtu anatazama upande wake.

— Mmefanya nini?

— Tumekulindia tu sinia lako, — alisema Mataifa.

Antena akasoma kwa sauti, maana alikwisha kuizoea kazi hiyo:

— "Nimeelewa hivi. Unataka programu ya duka la redio. Pia unataka ikutafutie lori lako la zamani, jekundu, lenye mkwaruzo mlango wa kushoto, ujue liko nchi gani na nani analiendesha. Pia unataka iwaite wachezaji wako wa zamani uwanjani siku ya mapumziko, kwa sababu ukienda huwakuti. Pia unataka ikuambie siku ambayo hakuna mteja atakayekuja, ili usikae peke yako na kahawa inapoa."

Gari likapita, vumbi likapanda, likashuka. Mataifa alikuwa anatazama viatu vyake. Kadi Nyekundu alikuwa anakisugua kipenga kwa shati. Kwa sheria yao, hapo wote watatu walipaswa kusimama, lakini nani angepuliza?

— Nilikuwa namjaribu tu, — alisema Mataifa.

— Hata mimi, — alisema refa.

Birika akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

— Ameandika na hapa chini, — Antena akaendelea taratibu. — "Haya ni mambo manne tofauti, na mengine sina uwezo nayo. Nashauri tuanze na moja, dogo. Lipi ni la kwanza?"

— Anza na lako, — alisema Birika. — Laptopu ni yako. Na usituambie mambo ya dukani. Duka lako lina redio ambazo wenyewe wamekwisha kuzisahau. Programu ya nini?

Antena akaweka kidole juu ya herufi. Akakiondoa. Akakirudisha. Aliandika muda mrefu kwa maneno machache, akifuta na kuandika tena, na jasho likamtoka puani kama mtu anayelehemu waya mwembamba.

— Soma, — alisema Birika.

— Si kitu.

— Sisi yetu umesoma.

Akasoma, bila kumtazama mtu:

— "Nataka kila jioni iniulize: Umefunga? Nikijibu nimefunga, inyamaze."

Kadi Nyekundu akainua kipenga.

— Ya dukani hiyo, au ya nyumbani?

— Ya nyumbani.

Kipenga kikaingia mdomoni. Mashavu ya refa yakajaa pumzi. Mataifa na Birika wakamtazama, na Antena alikwisha kuanza kujiinua ili asimame, maana alijua kosa lake. Lakini pumzi ile haikutoka. Refa alikaa nayo, kisha akaishusha taratibu kwa pua, na kipenga kikaanguka kifuani chenyewe.

— Kaa, — alisema. — Sijaona kitu.

Msaidizi alikwisha kujibu. Antena akasoma, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo:

— "Nimekuelewa. Ni kitu kimoja na kiko wazi. Kabla sijaandika, naomba kujua. Nikuulize wakati gani?"

Akaandika: jua likizama.

— "Usipojibu, nirudie?"

Akaandika: rudia.

— "Na usipojibu hata nikirudia, nimwambie nani? Ni vizuri awe mtu aliye karibu, anayeweza kufika ulipo. Naomba jina lake na namba yake."

Hapo ndipo palipokuwa na lile swali, wajukuu zangu. Limekaa pale kwenye kioo, limenyooka, halina ukali, linasubiri jibu lake tu.

Antena alimfikiria mpwa wake. Jua likizama huku, yeye ndiyo kwanza anatafuta viatu aende kazini, na kati yao kuna bahari na majira. Akamfikiria jirani mwenye redio. Akafikiri tena.

— Mwandike Mataifa, — alisema Mataifa, kwa sauti ya mtu anayetania.

— Jina lako la kweli nani?

Mataifa akafungua mdomo, akamtazama refa, akaufunga.

— Na hata akipewa, — alisema Kadi Nyekundu, — amesema mtu anayeweza kufika ulipo. Kwani wewe, Antena, unakaa wapi?

Akauliza kama mtu aliyeuliza mara elfu. Na palepale akasikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba hajawahi kuuliza. Wakatazamana. Mwaka baada ya mwaka, bega kwa bega, juu ya benchi moja.

— Simu yangu naizima mapema, — alisema Mataifa. — Mambo ya betri.

— Mimi miguu, — alisema refa. — Ningechelewa. Ningekuchelewesha bure.

Birika alitaka kusema. Neno lilifika kabisa kwenye meno. Kisha akakumbuka kwamba namba yake haijui kwa kichwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba, akaona aibu kuitafuta mbele za watu. Badala yake akainamisha birika juu ya kikombe cha Antena. Ikatoka michirizi miwili ya machicha.

— Kahawa imekwisha, — alisema.

Na kahawa ikiisha, watu huondoka. Mataifa akakumbuka jambo. Refa akakumbuka jambo. Birika akamwagia mkaa maji, akafunga vikombe ndani ya kitambaa, akatembea akigeukageuka.

Antena akabaki na swali juu ya magoti. Mwishowe akaandika jina lake, na namba yake mwenyewe.

Msaidizi akajibu: "Namba hii ni ileile ya anayeulizwa. Usipojibu, taarifa itakurudia wewe mwenyewe. Ndivyo unavyotaka?"

Akaandika: kwa sasa, ndiyo.

Basi yule akaandika programu, na Antena akaisoma yote kama alivyoagizwa, mstari kwa mstari, mingine akiielewa, mingine akiipapasa tu kama waya za redio ya kigeni. Pale asipoelewa aliuliza, naye akaelezwa. Akaijaribu. Simu ikatetemeka mfukoni: Umefunga?

Aliisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji kusomwa. Akajibu: bado. Ikajibu: sawa, nitakuuliza tena.

Tangu hapo kila jua lilipozama simu iliuliza, naye alijibu, akivua viatu mlangoni. Wakati mwingine alijibu kwa sauti kwanza, ndipo akaandika. Benchini walirudi kwenye mambo yao, lori na faru, magoli yaliyokataliwa, na lile swali hawakulitaja tena. Walilipita kwa mbali, kama watu wanaopita kaburi. Ila Kadi Nyekundu hakupuliza tena kipenga, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Sasa jioni moja Antena aliondoka, simu akaisahau juu ya benchi. Birika aliiona akisuuza vikombe, akaitumbukiza kwenye kapu lake ili asiichukue mpita njia. Mataifa na Kadi Nyekundu walikuwa bado wanabishana kuhusu penati iliyopigwa kabla nusu ya mji haijazaliwa. Jua likazama nyuma ya duka la dawa. Kapu likatetemeka.

Birika akaitoa simu, akaisoma kwa kuunganisha herufi.

— Inamuuliza, — alisema. — Umefunga?

— Iache, — alisema Mataifa. — Ni yake hiyo.

Wakaiacha. Kapu likatetemeka tena. Wakaiacha. Likatetemeka kwa namna nyingine, ndefu. Birika akasoma:

— "Fundi Antena hajajibu. Tafadhali nenda ukamtazame."

— Anaambiwa nani? — aliuliza refa.

Birika akageuza simu huku na huku, kana kwamba jina la mtu huyo limeandikwa mgongoni.

— Anaambiwa yeye mwenyewe, — alisema. — Hakuwa na wa kumwandika.

Wakasimama wote. Walijua vizuri kwamba simu imesahauliwa, kwamba ndiyo sababu hakujibu, kwamba mtu mwenyewe huenda yuko nyumbani anakula. Walijua, na hata hivyo hakuna aliyeweza kukaa. Wakavuka barabara: duka limefungwa, kufuli limening'inia.

— Akitoka hapa anaelekea wapi? — aliuliza Birika.

— Kushoto, — alisema refa.

— Halafu?

— Halafu sijui. Huwa nageukia kikombe changu.

Wakaenda kushoto. Mataifa, aliyevuka mipaka yote ile, alikuwa anauliza njia kila kona. Mmemwona Antena? Antena gani? Watu wakawanyooshea antena za juu ya mapaa. Mpaka wakamkuta mwanamke akianua nguo kwenye kamba.

— Dada, samahani. Tunamtafuta Antena. Fundi wa redio. Mrefu, anatembea kama anahesabu mawe.

— Aaa! Mume wa mwalimu!

— Mwalimu nani?

— Marehemu mwalimu. Si alitufundisha sisi wote mtaa huu? Mlango wa kijani ule, wenye ngazi. Nyinyi ni nani wake?

Wakashukuru, wakapita.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Antena alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, mito ya viti imetupwa chini, droo zimevutwa, anapapasa chini ya kabati. Juu ya meza palikuwa na sahani moja, na kando yake kikombe cha mwanamke kimefunikwa juu chini, kisafi, kisichonywewa na mtu. Upande wa pili wa ukuta redio ilikuwa inaimba.

Birika akasimama mlangoni, pumzi hana, simu mkononi. Alikuwa amejiandaa kumkaripia njia nzima. Maneno yote yakampotea, likabaki lile moja alilotoka kulisoma.

— Umefunga? — alisema.

Antena akainua kichwa. Hakuwa amesikia neno hilo kwa sauti ya mtu tangu jikoni kuliponyamaza.

— Nimefunga, — alisema.

— Na umeme je? — aliuliza Kadi Nyekundu nyuma yake, akihema, kama ambavyo mtu yeyote angeuliza.

Antena akaketi chini, palepale sakafuni kati ya mito, akafunika uso. Mataifa akaingia, akaokota mto mmoja, akauweka kitini, akaokota mwingine. Hakuwa na hadithi.

Jioni hiyo waliambiana majina. Siwaambii, ni yao. Birika alitafuta namba yake ndani ya simu, ikachukua muda, na safari hii hakuna aliyeangalia pembeni. Antena alifungua laptopu, akamwandikia msaidizi: lile swali lako, nina jibu.

Aliishi miaka mingine baada ya hapo. Aliaga dunia kitandani mwake, jioni, kabla ya kujibu. Ujumbe ulimfikia Birika akisuuza vikombe, naye hakuuliza njia.

Basi nani alirithi nini? Mpwa alikuja, akachukua kikombe cha mke wa mjomba wake na redio yao ya kwanza. Redio zilizosahauliwa alizirithi Kadi Nyekundu. Huziwasha zote kwa pamoja nyumbani kwake, anasema inakuwa kama uwanja umejaa. Mataifa alirithi koili ya waya wa shaba na kazi ya kufunga mguu wa benchi, na anaufunga vibaya, mtu akikaa lazima ashikilie mwenzake. Kipenga kilirithiwa na msumari ulio ukutani mwa duka la dawa.

Na swali lilirithiwa na Birika. Mpwa aliketi naye na laptopu, wakamwomba msaidizi abadilishe namba, wakasoma kila kitu kabla ya kukubali. Sasa kila jua likizama simu humuuliza yeye: Umefunga? Naye hujibu: nimefunga. Hata siku ambazo hakufungua.